Robert Byrd: miaka 51 Seneti, kutoka Klan mpaka msiba uliohutubiwa na Obama

Swali lililonifikia ni hili, nalifupisha: "Mtaalamu, nimesoma kuna seneta wa Marekani anaitwa Robert Byrd alikaa Seneti miaka 51 mpaka akafia kwenye kiti. Ujanani alikuwa KKK kabisa, halafu alipokufa NAACP wakamlilia na Obama akahutubia msibani. Inawezekanaje? Na kwa nini Marekani rais ana ukomo lakini seneta hana? Au alikuwa ananunua watu kwa miradi?"

Ndugu yangu, hapo umeuliza maswali matatu kwa mpigo, na nitayajibu yote ila sio kwa mpangilio wako, manake hilo la KKK (Ku Klux Klan, lile kundi la wazungu wabaguzi waliowatisha na kuwaua weusi) na la NAACP (chama cha siku nyingi cha kutetea haki za weusi Marekani) huwezi kulielewa kabla hujajua huyu mzee katokea wapi. Nikwambie mapema tu msimamo wangu baada ya kumfuatilia miaka mingi: Byrd alidumu kwa sababu alizijua kanuni za Seneti kuliko mtu yeyote wa zama zake, na kanuni hizo hizo alizitumia kwa ubaya kabisa mwaka 1964 na baadae akazitumia kwa mambo ambayo mimi naona yalikuwa sahihi. Na mabadiliko yake hayakuja siku moja kama watu wanavyosimulia, yalikuja kwa kuchelewa, kipande kipande, na kwa kuwa alikaa muda mrefu mno kila kipande kimebaki kwenye rekodi ya kura, unaweza kukikagua mwenyewe.

Kwanza jina lake la kuzaliwa sio Robert Byrd. Alizaliwa Novemba 1917 huko North Wilkesboro, North Carolina, akaitwa Cornelius Calvin Sale. Mwaka uliofuata ikaja ile homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia nzima, mama yake akafa nayo, mtoto akiwa hajatimiza hata mwaka, na kwa wosia wa mama akachukuliwa na shangazi yake na mumewe, Titus Byrd na Vlurma, wakambadilisha jina wakahamia naye West Virginia kwenye vijiji vya migodi ya makaa ya mawe. Kuwa sio mtoto wao wa kumzaa alikuja kujua akiwa na miaka 16. Na tarehe yake halisi ya kuzaliwa alikuja kuijua mwaka 1971, tayari ni seneta mkubwa tu, ndo kaka yake wa damu akamwambia.

Maisha ya hivyo vijiji inabidi uyaone. Nyumba ni ya kampuni, duka ni la kampuni, umeme hakuna, maji ya bomba hakuna. Titus alikuwa mchimbaji na pembeni anafuga nguruwe, kwahiyo yule mtoto kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba kukusanya makombo ya chakula ya majirani akalishie nguruwe, na huku darasani ndo anaongoza. Alimaliza sekondari mwaka 1934 akiwa wa kwanza wa darasa lake na chuo hakwenda kwa sababu hela hakuna, na ule ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Akauza mafuta sheli, akakata nyama buchani, akamuoa Erma James mwaka 1937, binti wa mchimbaji makaa pia, wakaishi pamoja karibu miaka 69 mpaka mama huyo alipofariki Machi 2006. Wakati wa Vita Kuu ya Pili akaenda kuchomelea vyuma kwenye viwanda vya meli, Baltimore kisha Tampa.

Sasa hapo kati ndo inaingia Klan. Miaka ya mwanzo ya 1940, kwenye kijiji cha Crab Orchard, Byrd hakuingizwa na mtu kwa kushawishiwa, yeye mwenyewe ndo aliwaandikia viongozi wa Klan akitaka kujiunga, na akakusanya marafiki na watu anaofahamiana nao kama 150 kuanzisha tawi. Kila mmoja ada dola 10, na dola 3 za joho na kofia ile ya kufunika uso. Wenzake wakamchagua mkuu wa tawi, cheo wanakiita Exalted Cyclops. Mkubwa wa Klan aliyekuja kusimamia kikao akamwambia ana kipaji cha uongozi na nchi inahitaji vijana wa namna yake, na Byrd mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba maneno yale yalimwasha taa kichwani, kwamba ilikuwa mara ya kwanza mtu mzito kumwona kuwa wa maana.

Nakuomba usome hapo taratibu. Wengi wakiitaja hii habari wanataka iwe ama dogo la ujana ama ushahidi kuwa alikuwa shetani moja kwa moja. Mimi naona kitu kinachotisha zaidi, kijana mwenye akili, maskini, asiye na chuo wala baba wa kumfungulia mlango, na taasisi ya kwanza kumwambia "wewe unafaa" ikawa ni genge la chuki. Hilo halimtoi kwenye lawama hata kidogo, kwa sababu barua zake zipo. Kuna moja aliyomwandikia seneta mbaguzi wa Mississippi, Theodore Bilbo, akisema bora afe mara elfu kuliko kupigana vita bega kwa bega na mtu mweusi. Kuna nyingine ya mwaka 1946 kwa mkuu wa Klan akisema kundi hilo linahitajika kuliko wakati wowote. Na mwaka 1952 alipogombea Baraza la Wawakilishi mambo yalipovuja alijitetea redioni kuwa alikaa mwaka mmoja tu kisha akachoka akaacha, ila ile barua ya 1946 inaonyesha hakusema ukweli wote. Watu wa West Virginia walisikia yote hayo na wakamchagua.

Kwa nini walimchagua? Hapa ndo panaanza lile swali lako la kudumu. Mwaka 1946 alipogombea bunge la jimbo lake, hakuwa na hela, hakuwa na jina, alichokuwa nacho ni fidla. Mwanasheria mmoja mzee alimshauri afanye kasha la fidla ndo mkoba wake wa kampeni, na Byrd akafanya hivyo, anaenda mabondeni huko kwenye makambi ya wachimbaji, anapiga nyimbo mbili tatu za milimani wanazozijua wote, anasoma shairi kwa kichwa, ndo anaomba kura. Baada ya hapo hakushindwa uchaguzi tena maisha yake yote. Bunge la jimbo 1946, seneti ya jimbo 1950, Baraza la Wawakilishi huko Washington 1952, na Novemba 1958 Seneti ya Marekani, kipindi chake kikaanza Januari 3, 1959. Alichaguliwa Seneti mara tisa. Mwaka 2000 alishinda kaunti zote 55 za jimbo.

Sasa ukomo. Rais wa Marekani ana ukomo wa kuchaguliwa mara mbili kwa sababu Katiba ilirekebishwa mwaka 1951 baada ya Franklin Roosevelt kuchaguliwa mara nne, lakini marekebisho yale yalimgusa rais peke yake. Seneta kipindi chake ni miaka 6 na anaweza kurudi mara zozote wananchi wakimtaka. Majimbo kadhaa yalijaribu kuweka ukomo kwa wabunge wao wa Washington na Mahakama Kuu ya nchi mwaka 1995 ikasema hamuwezi, labda mbadilishe Katiba ya taifa. Na kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili ya wabunge na maseneta wenyewe, alafu robo tatu ya majimbo, sasa niambie nani atapiga kura ya kujiondoa.

Ila sheria ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni desturi ya ukongwe. Kwenye Seneti mwenyekiti wa kamati kwa kawaida anakuwa yule aliyekaa muda mrefu zaidi kwenye kamati hiyo kwa upande wa chama chenye wengi. Kwahiyo mpiga kura wa jimbo dogo anapiga hesabu yake vizuri tu: nikimtoa huyu mzee nikaweka kijana mpya, huyo kijana anaanza mwisho wa foleni, na jimbo letu linaanza mwisho wa foleni pamoja naye. West Virginia ina watu chini ya milioni 2 na ina maseneta wawili, California ina watu karibu milioni 39 na ina maseneta wawili vilevile. Jimbo dogo lenye seneta mkongwe linaweza kuvuta kamba kuliko jimbo kubwa lenye maseneta wageni. Byrd aliingia kamati ya matumizi ya fedha, ile inayogawa hela za serikali, mwaka wake wa kwanza kabisa wa 1959, na akakaa kwenye foleni hiyo miaka 30 mpaka akawa mwenyekiti mwaka 1989.

Kabla sijafika kwenye miradi lazima nikupeleke Juni 1964, na hapa nina kitu ambacho huwa nikikiwaza nanyamaza.

Byrd hakuwa na digrii. Alipokuwa mbunge alianza kusoma sheria usiku, mchana bungeni usiku darasani, miaka kumi hivyo hivyo. Akamaliza mwaka 1963, na mahafali ya chuo kikuu cha American University pale Washington yalifanyika Juni 10, 1963, mgeni rasmi Rais John F. Kennedy, ambaye kwenye hotuba yake alimtaja Byrd kwa jina kwamba huyu amehangaikia digrii yake miaka mingi ya masomo ya usiku wakati mimi napata yangu ndani ya nusu saa. Kesho yake usiku, Juni 11, Kennedy akatokea kwenye televisheni akatangaza anapeleka bungeni muswada wa haki za kiraia, wa kukomesha kubagua weusi kwenye hoteli, migahawa, kazini na kadhalika. Kennedy akauawa Novemba, makamu wake Lyndon Johnson akawa rais na akaubeba muswada. Na Juni 9, 1964, saa moja na dakika 38 usiku, mhitimu yule yule wa sheria akasimama Seneti akaanza kuongea kuuzuia, akaongea usiku kucha, akaja kukaa saa tatu na dakika 51 asubuhi ya Juni 10. Masaa 14 na dakika 13. Mwaka mmoja kamili, tarehe ile ile.

Hiyo ndo wanaita filibasta, kwamba kanuni za Seneti hazimpi msemaji kikomo cha muda, kwahiyo wachache wanaweza kuzuia kura kwa kuongea tu mpaka wengi wachoke, isipokuwa zipatikane kura za kufunga mjadala, na wakati ule zilihitajika theluthi mbili. Byrd alipokaa ndo ikaitwa kura ya kufunga. Seneta Clair Engle wa California alikuwa na uvimbe kwenye ubongo, haongei tena, akaletwa kwa kiti cha magurudumu, na jina lake lilipoitwa akainua mkono kwa shida akaonyesha jicho lake, kwa sababu kwa Kiingereza neno la jicho na neno la kusema ndiyo kwenye kura yanasikika sawa. Kura 71 kwa 29, mjadala ukafungwa, na muswada ukawa sheria. Byrd akapinga. Mwaka 1965 ikaja sheria ya haki ya kupiga kura, akapinga tena. Mwaka 1967 Thurgood Marshall akapendekezwa kuwa jaji wa kwanza mweusi Mahakama Kuu, akapinga. Na kule Washington ambako wakazi wengi walikuwa weusi yeye ndo alishika kamati ndogo ya bajeti ya mji miaka ya 1960, akawabana wanaopata msaada wa serikali kwa ukali ambao wazee wa mji ule hawakuusahau.

Lakini mwaka 1968 alipigia kura ya ndiyo sheria ya kuzuia ubaguzi kwenye nyumba. Na kabla ya hapo, mwaka 1959, alikuwa ameajiri mmoja wa wasaidizi weusi wa mwanzo pale bungeni. Ndo maana nakwambia ni vipande, vingine vinagongana ndani ya miaka hiyo hiyo.

Upande wa madaraka alipanda kwa kufanya kazi ambazo wenzake hawazitaki. Alikuwa katibu wa kundi la maseneta wa Democratic kuanzia 1967, anakaa ukumbini masaa na masaa, seneta mwenzake ana ndege ya kuwahi Byrd anampangia kura yake, mwingine mkewe kajifungua Byrd anamwandikia kinoti. Ukisikia kazi ndogo ndogo ndo hizo, na kila moja ilikuwa deni. Januari 1971 akamvaa Ted Kennedy, mdogo wake yule rais aliyeuawa, kwenye nafasi ya mnadhimu. Kennedy alikuwa amedhoofika baada ya ile ajali ya Chappaquiddick ya 1969 iliyoua binti mmoja. Byrd alihesabu kura zake moja moja na moja ya hizo ilikuwa ya uwakilishi, ya Seneta Richard Russell wa Georgia ambaye alikuwa hospitali anakata roho, na Byrd hakutangaza kugombea mpaka alipohakikishiwa asubuhi ile kuwa Russell bado anapumua, manake akifa kura inakufa. Byrd akashinda 31 kwa 24. Russell akafariki siku hiyo hiyo.

Na huyo Kennedy aliyemshinda ndo akaja kuwa rafiki yake mkubwa. Mwaka 2008 Kennedy alipogundulika na saratani ya ubongo Byrd alisimama ukumbini akalia wazi wazi huku akimwita jina.

Akawa kiongozi wa walio wengi Seneti 1977 mpaka 1981, kisha wa walio wachache wakati wa Rais Reagan, kisha tena wa walio wengi 1987 mpaka 1989. Kazi yake kubwa hapo naiona mbili. Mwaka 1978 aliupitisha mkataba wa kuirudisha Mfereji wa Panama kwa Wapanama, zilihitajika kura 67 akapata 68, na wapiga kura wake nyumbani wengi hawakuupenda. Nyingine ni kanuni yenye jina lake ya mwaka 1985, kwamba bajeti ikipita kwa ile njia ya mkato isiyozuiliwa kwa filibasta basi isibebe mambo yasiyohusu bajeti. Mpaka leo muswada mkubwa wa kodi ukifika Seneti, wa chama chochote, maofisa wanakaa nao mstari kwa mstari wakitoa visivyohusika, na watu wa bungeni wanasema muswada unaogeshwa, bafu la Byrd. Mtu kafa mwaka 2010 na bado anazitoa aya kwenye sheria za leo.

Sasa miradi. Aliposhika uenyekiti wa ile kamati ya matumizi ya fedha mwaka 1989 aliahidi hadharani kupeleka West Virginia dola bilioni 1 ndani ya miaka mitano, na akazifikisha kabla ya muda. Kituo cha FBI cha alama za vidole kilihamishiwa Clarksburg, maelfu ya ajira. Barabara kuu zimekata milima. Madaraja, hospitali, vituo vya utafiti, ukizunguka jimbo lile jina la Robert C. Byrd utaliona mpaka uchoke, na sanamu yake ya shaba ikawekwa ndani ya jengo la serikali ya jimbo Charleston akiwa hai. Wanaharakati wa kupinga ubadhirifu walimpa majina ya kejeli kwa hilo na yeye hakuona aibu, alisema wazi jimbo lake lilikuwa limeachwa nyuma na kazi yake ni kulivuta.

Mfano ninaoupenda ni wa Green Bank. Pale kijijini kulikuwa na darubini kubwa ya redio ya kusikiliza nyota, chuma kile kipana futi 300, na usiku wa Novemba 15, 1988 ikaanguka yenyewe, hakuna upepo hakuna dhoruba, bamba moja tu lilichoka. Kulikuwa na wanasayansi waliosema tusijenge nyingine pale. Byrd ndo kwanza anakaribia kushika kamati, hela zikapatikana, na mwaka 2000 ikazinduliwa mpya, mpaka leo ndo darubini ya redio kubwa kuliko zote duniani inayoweza kugeuzwa upande wowote wa anga. Ina jina lake. Je huko ni kununua watu? Mimi nasema kununua ni pale unapotoa hela yako au ya wizi mfukoni kwa mfuko, huku ilikuwa bajeti iliyopigiwa kura hadharani. Lakini pia nakubali lawama moja nzito, kwamba barabara na majengo yote hayo hayakulitoa jimbo kwenye umaskini, West Virginia imebaki kati ya majimbo maskini zaidi na watu wanaendelea kuhama, kwa sababu makaa ya mawe yaliondoka na ajira na hakuna jengo la serikali linaloziba pengo hilo. Na yeye mwenyewe alichelewa kulisema. Desemba 2009, miaka 92, ndo akawaandikia wachimbaji na wenye migodi kwamba wakati umebadilika na wakubali kubadilika nao. Miezi minne baadae mgodi wa Upper Big Branch ukalipuka wakafa watu 29.

Kwenye Katiba hapo alikuwa mtu mwingine kabisa. Alitembea na kitabu kidogo cha Katiba mfuko wa kushoto wa koti, anakitoa katikati ya hotuba anakipunga. Bunge lilipompa Rais Clinton uwezo wa kufuta mstari mmoja mmoja wa bajeti baada ya kusaini, Byrd alisema hela ya umma ni mamlaka ya bunge na mnaigawa bure, akaenda mahakamani akashindwa mwaka 1997 kwa kuwa walimwona hana haki ya kushtaki, na mwaka uliofuata kwenye kesi ya wengine Mahakama Kuu ikaifuta sheria ile. Alikuwa anasisitiza kwamba hajawahi kufanya kazi chini ya rais yeyote, amefanya kazi pamoja na marais, na akiwa Seneti walipita 11.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki mkono wake ulifika. Baada ya ile vita ya Mogadishu ya Oktoba 1993 walipokufa wanajeshi 18 wa Marekani, Byrd ndo aliyebana kamba ya hela, akaweka kifungu kwamba hela za jeshi lililoko Somalia zinakoma Machi 31, 1994, na wakaondoka.

Kisha Iraq. Mwaka 1964, miezi miwili tu baada ya filibasta yake, alipiga kura kumruhusu Johnson kutumia nguvu Vietnam, na lile lilimkaa moyoni. Oktoba 2002 Bush alipoomba ruhusa kama ile, Byrd akiwa karibu miaka 85 alisimama siku baada ya siku akiwakumbusha ile kura ya 1964, mimi nilikuwepo, tulidanganyika. Walimshinda 77 kwa 23. Februari 12, 2003, mwezi mmoja kabla ya vita, akasimama tena akawaambia ukumbi huu uko kimya, kimya cha kutisha, hakuna mjadala, nchi inaingia vitani na sisi tumekaa. Uzeeni akasema kura ile ya kupinga vita ndo anayojivunia kuliko zote, na ile ya haki za kiraia ndo anayoijutia.

Kuhusu kujuta nikupe alichokisema, usipambe wala usipunguze. Mwaka 1982 mjukuu wake kijana alikufa kwenye ajali ya gari. Alisimulia kuwa msiba ule ulimfanya akae chini afikiri, akatambua kwamba watu weusi wanawapenda watoto na wajukuu wao kama yeye anavyowapenda wake. Ukisoma hiyo unaweza kukasirika, mzee wa miaka 64 seneta ndo anagundua leo? Na una haki ya kukasirika. Lakini ndivyo alivyosema, hakujipamba. Mwaka uliofuata, siku ya kuipigia kura sikukuu ya Martin Luther King, aliwaambia wasaidizi wake kwamba humu ndani mimi ndiye pekee ambaye lazima niipigie kura. Mwaka 1991 akampinga Clarence Thomas, mweusi wa pili kupendekezwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na kwa hilo amebaki seneta pekee aliyewapinga Marshall na Thomas wote wawili, japo sababu zilikuwa tofauti. Mwaka 2001 kwenye mahojiano ya televisheni likamtoka neno chafu la kibaguzi, akaomba radhi. Miaka ya 2003 na 2004 NAACP wenyewe walipopima kura za maseneta yeye alipata asilimia 100, na alitafuta dola milioni 10 za mnara wa King pale Washington. Na kila alipoulizwa Klan alijibu kuwa alikosea, ameshaomba radhi mara elfu na yuko tayari kuomba tena, na hawezi kukifuta kilichotokea. Mwaka 2008 akamuunga mkono Obama wakati jimbo lake lilikuwa limempa Hillary Clinton ushindi mkubwa kwenye kura za mchujo za chama.

NAACP waliomboleza mtu aliyepiga kura na wao miaka mingi, na walijua yote haya kuliko mimi na wewe. Kuna weusi Marekani ambao hawakumsamehe, na hakuna anayeweza kuwasamehesha kwa niaba yao.

Mwisho wake ulikuwa mgumu kuutazama. Alikuwa rais wa muda wa Seneti, nafasi ya tatu ya kurithi urais baada ya makamu na spika, akiwa na zaidi ya miaka 90, mikono inatetemeka, hospitali mara kwa mara. Hapo mimi nasema wazi mfumo wa ukongwe umekosea, na hata yeye mwishoni mwa 2008 akakubali kuachia uenyekiti wa kamati ya matumizi ya fedha. Lakini Desemba 24, 2009, alfajiri, theluji Washington, siku ya kura ya muswada wa bima ya afya, akaletwa kwa kiti cha magurudumu, na jina lilipoitwa akanyoosha kidole juu akasema hii ni kwa ajili ya rafiki yangu Ted Kennedy, ndiyo. Kennedy alikuwa amekufa Agosti.

Byrd akafariki Juni 28, 2010, amepiga kura zaidi ya 18,000. Seneta aliyekaa muda mrefu kuliko wote, na rekodi hiyo ya Seneti haijavunjwa, ingawa ile ya bunge zima ilivunjwa na John Dingell wa Baraza la Wawakilishi mwaka 2013. Jeneza lilikaa ndani ya ukumbi wa Seneti kisha likapelekwa Charleston, na Julai 2 Obama akasimama pale kwenye ngazi za jengo la serikali akasimulia siku walipokutana mara ya kwanza, Obama seneta mgeni. Byrd alimwambia kuna mambo ya ujanani nayajutia, huenda unayajua. Obama akamjibu, hakuna kati yetu asiye na majuto, seneta.

Kiti chake alishikilia kwa muda Carte Goodwin, kijana wa miaka 36, kisha Joe Manchin akakikalia mpaka Januari 2025, na sasa kiko kwa Republican. Kama unataka kumsikia mwenyewe usianze na makala za kumhusu, tafuta video ya hotuba ya Februari 12, 2003. Ipo kwa sababu Seneti iliruhusu kamera za televisheni Juni 1986 baada ya mabishano ya miaka, na aliyelisukuma jambo hilo kwa upande wa Democratic alikuwa ni yeye.